Mshauri Asiyetoa Shauri

Kazi yetu inaitwa ushauri nasaha, na jina hilo hunitatiza kila juma. Anayeingia katika chumba changu hapa Nakuru huketi, hueleza yaliyomsibu, kisha hunyamaza na kunitazama, akingoja nimpe shauri, kama aliyepeleka kesi yake kwa wazee anavyongoja uamuzi. Mimi nilifunzwa mkabala wa kibinadamu, ambao kwa kiasi kikubwa ni kazi ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa 1902 na kufariki 1987. Rogers aliamini kwamba anayeijua njia ni yule aliyeketi mbele yangu, wala si mimi. Ndiyo maana aliacha kumwita mgonjwa, akamwita mteja.

Mkabala huo uliitwa nguvu ya tatu, kwa kuwa ulitanguliwa na uchanganuzi nafsi wa Sigmund Freud, daktari wa Austria, uliomwona mtu akisukumwa na yaliyofichika ndani yake, na mkabala wa tabia, uliomwona akifinyangwa na tuzo na adhabu. Wanafunzi wengi wa mkabala huu huanza kwa kukariri ngazi ya mahitaji ya 1943 ya Abraham Maslow, mwanasaikolojia aliyeyapanga mahitaji ya mwanadamu kuanzia chakula na usalama hadi kukikuza kipawa chake. Mimi ningependa waanze na viazi. Rogers alikumbuka viazi vya akiba ya majira ya baridi, vilivyowekwa chini ya nyumba yao alipokuwa kijana: gizani humo vilichipua machipukizi meupe, dhaifu, yaliyorefuka kuelekea kidirisha kidogo kilicholeta mwanga. Aliyewahi kufungua ghala la viazi kule Molo au Njoro ameyaona machipukizi hayo. Rogers aliona humo picha ya mwanadamu, ambaye hata maisha yakimpinda vipi bado hujinyoosha kuelekea uhai.

Mwaka 1957 aliandika kuhusu masharti ya mabadiliko katika tiba. Matatu yanamhusu mshauri: awe mkweli wa nafsi, amkubali mteja pasipo masharti, na ayaone mambo kwa macho ya mteja huyo. Hilo la pili ndilo lililonishinda mapema.

Alikuja mama mmoja mwuza viazi, ambaye mambo yake mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Mwanawe alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha tatu. Akaniambia, "Nimechoka na huyu mtoto." Nami, kwa haraka ya kutaka kusaidia, nikamjibu, "Usiseme hivyo, mama. Mtoto ni wako." Akalishika pindo la leso alilofungia pesa, akalifungua, akalifunga tena, akasema, "Ni kweli, daktari." Mimi si daktari, na hayo niliyomwambia hayakuwa msaada, bali hukumu iliyotamkwa kwa upole. Hakurudi kwa miezi kadhaa.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mkabala huu ni wa kigeni na kwamba watu wetu wanataka kuelekezwa. Nakubaliana nao kwa sehemu, kwani maisha yakiwa hatarini sharti mtu achukue hatua. Hata hivyo, wazee waliosuluhisha ugomvi nyumbani kwetu walikuwa wakisikiliza tangu asubuhi hadi jua kupinda kabla ya yeyote kati yao kufungua kinywa, na sidhani kwamba usikivu huo waliufunzwa na mgeni.

Mama yule aliporudi, alianza kwa maneno yale yale. Safari hii nikasema, "Umechoka, mama." Kimya kikatanda. Nje malori yalikuwa yakipita barabara kuu, nami nilikaza moyo nisiongeze neno. Baada ya muda akasema, "Nimechoka tangu baba yake afariki, na hakuna aliyeniuliza." Akalia, kisha akazungumza karibu saa nzima kuhusu marehemu, na kuhusu kijana, ambaye siku hizo alikuwa akibeba mizigo sokoni na kurudi nyumbani usiku bila kusema neno.

Alipokuwa akijitayarisha kuondoka hakuniuliza afanye nini. Alifungua lile pindo la leso, akahesabu nauli, akasema kwamba angepitia sokoni kumngoja mwanawe, warudi nyumbani pamoja.