Makonyo ya ubongo

Ami alipata kiharusi akiwa juu ya jamvi, tunachambua karafuu, Isha imeshapita. Alitaka kuokota kikonyo, kile kijiti cha karafuu, mkono wa kulia ukakataa. Akaniita, jina langu likatoka kama la mtu aliyejaza muhogo kinywani. Shangazi akasema ni upepo, akaleta chetezo na ubani. Mimi niliyesoma nikakaa kimya. Tukampeleka hospitali alfajiri.

"Ilianza saa ngapi?" daktari akauliza. Saa mbili na nusu usiku. Akaandika, hakusema kitu. Baadaye ndipo nikajua: dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya CT, picha ya ndani ya kichwa, kuonesha kwamba mshipa haukupasuka.

Tangu hapo nasoma mambo ya ubongo kama mwehu. Kilichonishika ni zile seli ambazo si neva. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Virchow aliziita gundi ya neva, basi. Ndivyo nasi tulivyoyaona makonyo utotoni, taka tu, mpaka upite kiwandani hapa Wawi, Pemba, wanakoyachemsha kutoa mafuta.

Kati ya seli hizo, astrosaiti, zenye umbo la nyota, huzilisha neva na kufyonza glutameti, kemikali ambayo neva hupashana nayo habari. Damu ikikatika hazina tena nguvu ya kufyonza. Glutameti inafurika, na neva zilizo kandokando ya sehemu iliyokosa damu, ambazo zingeweza kuokoka, zinakufa kwa kusisimuliwa mno. Tena miguu ya seli hizo, inayokumbatia mishipa ya damu, ina vitundu vya maji viitwavyo akwaporini-4. Maji hupitia humo, seli zinavimba, na fuvu halitanuki.

Mwaka 2000 watafiti walionesha kuwa panya wasio na vitundu hivyo hawakuvimba sana ubongo baada ya kiharusi. Nikashangilia peke yangu: si vizibwe tu! Kumbe vitundu hivyo hivyo husaidia kutoa maji baadaye. Ukiviziba siku isiyo yake, umemzidishia mgonjwa. Na dawa ngapi zimewafaa panya, zikashindwa kwa binadamu.

Msimu huu Ami anachambua kwa mkono wa kushoto. Mimi namaliza pishi mbili, yeye hajafika nusu, na bado ananigombeza kwamba naacha vikonyo. Shangazi ameandika namba ya dereva ukutani kwa kalamu nyekundu, juu ya chetezo.