Toa biti uone kinachobaki

Siku hizi msanii akiimba kwa hisia watu wanasema huyu ana mashairi makali, mi naona hapo tunachanganya mambo. Sauti tamu ni kitu kingine. Mashairi makali ni yale ambayo ukitoa biti, ukatoa na sauti ya mwimbaji, yakabaki maneno matupu kwenye karatasi, bado yanaimba.

Ngoja nitunge mstari mmoja hapa hapa: "Nimengoja mlangoni, kumekucha hujafika". Hesabu mizani, yaani silabi, 8 huku 8 kule, jumla 16 kama tarbia tulizosoma shuleni (na ile m ya mlangoni inahesabiwa peke yake). Sasa linganisha na "nilikusubiri usiku kucha hukuja". Habari ni ile ile, ila kwenye ule wa kwanza usiku mzima umepita pale kwenye koma, umesimama mlangoni, ukavuta pumzi, ukija kufungua mdomo tena kumeshakucha! Sijataja moyo wala machozi, kazi yote imefanywa na kule kutua kwenye koma.

Ndo maana kwetu huwezi kumtenga mshairi na mwimbaji. Mombasa Ahmad Nassir alikuwa anatunga, Juma Bhalo anaimba, basi. Na mshairi Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya, 1969 mpaka 1972, akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni na bado anapima mizani, bado anatafuta vina, mtu yuko jela peke yake jamani. Hilo linanigusa sana, kwasababu mtu aliye kwenye dhiki ile hahangaiki na mapambo, vina ndo ilikuwa njia yake ya kusema.

Ila wale wanaodai bila vina hakuna shairi siwafuati. Kezilahabi alipotoa Kichomi, kitabu chake cha mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974 wanamapokeo, wale wanaoshikilia kanuni za zamani, walikuja juu kwelikweli, lakini yasome yale mashairi kwa sauti, taratibu, utasikia mapigo yamehamia kwenye pumzi na kwenye maneno yanayorudi.

Kinachoniuma ni nyimbo nyingi za sasa, biti inatengenezwa kwanza, halafu maneno yanatafutwa ya kujazia, kiitikio kinarudiwa mpaka wimbo unaisha. Ningetamani kila msanii akae na mashairi yake bila biti kabla hajaingia studio, ayasome tu kama barua, na pale anapoona aibu kuyasoma ndo pa kuandika upya.