Wapemba wa Pwani wamepata cheti, nyumba imegawanyika

Nimerudi Pwani ya Kenya baada ya miaka mingi Muscat, na kila baraza naambiwa mambo ya Wapemba, watu wenye asili ya kisiwa cha Pemba walioishi hapa bila uraia, yamekwisha, sasa ni Wakenya. Tangazo la rais la Julai 2023 la kuwatambua nalishukuru kwa moyo wote. Yale ya zamani mnayajua: polisi wakitokea ufukweni Gazi au Mayungu, vyombo vinarudi baharini. Samaki kavua Mpemba, leseni na laini ya simu ni za tajiri, bei apange tajiri. Wamakonde nao, waliokuja kwa kazi ya mkonge na miwa, hawakupata vitambulisho mpaka walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi, Oktoba 2016.

Kinachoniuma ni kwamba Mpemba aliyepewa cheti cha uraia ni raia wa kuandikishwa. Ibara ya 14 ya Katiba humtambua raia wa kuzaliwa kwa kutazama kama baba au mama alikuwa raia siku ile mtoto alipozaliwa. Sasa ingieni nyumba ambayo wazazi wote wawili waliandikishwa 2023. Kitindamimba wa 2024 ni raia wa kuzaliwa. Kaka yake wa 2015, tumbo moja, kwa kipimo hicho siye. Na uraia wa kuandikishwa hufutika: Ibara ya 17 inataja udanganyifu, kuficha jambo, hata kifungo cha miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 5 ya kuandikishwa. Wenzao wa mtaa huo huo hawaishi na hofu hiyo. Ni dhulma.

Mama akiwa Mdigo au Mgiriama mwenye uraia, mtoto ni raia wa kuzaliwa hata kama alizaliwa kabla ya Katiba ya 2010. Wengi hawajui, wanamfuatisha baba. Pelekeni kitambulisho cha mama.

Cheti cha kuzaliwa kikatwe kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na karatasi huongezeka. Aliyezaliwa nyumbani huandikiwa na naibu wa chifu. Linganisheni majina herufi kwa herufi: "Hamad" kwenye kadi ya kliniki na "Hamadi" kwenye cheti cha baba yanatosha kurudisha faili. Na aliyewahi kuchukua kitambulisho kwa kabila la jirani amwone wakili kwanza, kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.