Ng'ombe wangu alikojoa choya

Naomba nianze kwa kujisifu, maana aibu inakuja mbele. Sifa, chotara wangu wa Friesian, alikuwa hana kupe. Wanawake wenzangu hapa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, walikuwa wananitania kwamba namwogesha ng'ombe kuliko ninavyoogesha wajukuu. Kila siku nakagua masikio yake, nje na ndani, kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Tangu nimnunue akiwa mtamba mwenye mimba hajawahi kukanyaga nje ya banda. Na kwa kuwa kupe sikuwaona, bomba la kupulizia nikalitundika ukutani miezi kama mitatu hivi. Dawa yenyewe bei imepanda, niogeshe nini?

Jumatatu asubuhi alitoa lita saba kama kawaida yake. Jioni zikaja mbili. Kesho yake pumba hakuinusa, masikio yameinama, anahema kama aliyepanda mlima. Nikasema labda joto. Jumatano akakojoa mbele yangu, mkojo mwekundu unaoelekea weusi, na povu juu yake. Rangi ile ile ya juisi ya choya.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka kuwa daktari. Jirani mmoja: figo zimepasuka, mnyweshe maji ya mshubiri. Mwingine: amekula jani la sumu. Baba watoto akasema ameteleza usiku akaumia ndani, na alilisema kwa uhakika kama vile alikuwepo. Shemeji yangu ndiye aliyenitia hasara hasa. Alikuja na sindano yake ya oksi, ile antibiotiki ya oxytetracycline, akasema, "Shemeji, hii ni ndigana baridi, nimetibu nyingi." Akamdunga, akala kuku, akaondoka na elfu kumi na tano. Siku mbili nimekaa nasubiri oksi ifanye kazi, Sifa anazidi kupauka. Baadaye niliambiwa oksi ni dawa nzuri kweli ya ndigana baridi, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, ila kwa kilichokuwa kinamla Sifa haisaidii kitu.

Ijumaa alfajiri nikampigia daktari wa mifugo, kijana mmoja mpole. Alikuwa mbali, akasema atafika saa nne. "Lakini mama, kinga mkojo wake kwenye chupa ya kioo, uache utulie mpaka nije."

Rahisi kusema. Nilichukua chupa niliyokuwa naweka asali, nikaiosha, nikasimama nyuma ya Sifa. Nusu saa, hakuna. Nikikaa kwenye ndoo kupumzisha mgongo, anainua mkia. Nikiruka na chupa, anashusha. Nikamkumbuka marehemu mama yangu: ukitaka ng'ombe akojoe, mpapase taratibu chini kidogo ya uke, juu chini, bila haraka, kama unayembembeleza mtoto. Nikapapasa huku nikimwimbia. Dakika ya pili akafungulia, tena kwa nguvu zote, chupa ikapata robo na mimi nikapata robo tatu, kuanzia kilemba hadi ndala. Sikujali. Nilibeba ile chupa kama mtu aliyebeba kikombe cha ubingwa, nikaiweka dirishani, na nilipogeuka tu mjukuu alikuwa ameshaleta bilauri.

Saa nne daktari akaiinua kwenye mwanga. Rangi ilikuwa sawasawa toka juu mpaka chini, inapenya mwanga, hakuna kilichotuama. Akaniambia, kama ingekuwa ni jeraha linavuja, chembe za damu zingezama chini na juu kukabaki maji ya kawaida. Hapa chembe zimepasukia ndani ya mishipa, kilichotoka ni rangi yake tu. Figo za Sifa hazina kosa, zilikuwa zinachuja uharibifu uliofanyika kwingine. Baba watoto akakumbuka ana kazi shambani.

Joto lilikuwa 41 na kidogo. Fizi nyeupe kama karatasi. Kisha daktari akauliza kupe. Nikamjibu kwa kiburi: kagua masikio uone. Hakuyagusa hata. Alipitisha kiganja chini ya shingo, kwenye ngozi inayoning'inia, halafu ubavuni, halafu kati ya mapaja karibu na kiwele, akanifungulia mkono. Vikupe vidogo, na mmoja mkubwa wa kijivu cha bluu, ameshiba kama punje ya harage. Mimi miaka yote nimekagua masikio kwa sababu kupe wa ndigana kali, ugonjwa tunaouogopa zaidi, hupenda masikio. Huyu wa mkojo mwekundu hukaa popote mwilini, tena anakulia kwenye ng'ombe huyo huyo toka mtoto mpaka mzazi, wiki tatu hivi, ndipo anaanguka kutaga. Na mama kupe mwenye babesia, kimelea kinachopasua chembe za damu, hukirithisha kwenye mayai yake, kwa hiyo watoto wanaanguliwa tayari wamekibeba.

Daktari alichukua tone la damu kwenye ncha ya sikio, akalipaka kwenye kioo apeleke maabara, lakini dawa hakungojea majibu. Alipima kifua kwa utepe apate uzito, akakoroga unga wa diminazeni, dawa ya kuua babesia, akadunga ndani kabisa ya msuli. Majibu yalikuja kesho yake: vimelea viwili viwili kama peasi zilizogusana ncha. Wakati huo mkojo ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya chai. Jumapili, maji ya kawaida. Nilipiga kigelegele peke yangu bandani. Jumla, daktari, dawa, boda na maabara, kama laki moja na kitu, ukiacha maziwa niliyomwaga siku zote alizosema nimwage, watoto wakinywa chai ya rangi kwa kununa. Mjukuu akauliza kama naye atakojoa choya. Daktari akamwambia iko babesia ya watu, inajulikana sana Marekani kwa kupe wa huko, lakini hii ya Sifa asiihofie.

Bado kupe walitoka wapi, na ng'ombe hatoki? Nikakumbuka wiki tatu nyuma nilishusha pikapu ya majani mabichi toka tambarare, Kahe, huku kwetu yalipokauka. Nikatandika shuka jeupe, nikakung'utia fungu moja lililobaki. Mwanzoni niliona vumbi. Vumbi likaanza kutembea.

Kilichoniuma zaidi ni ng'ombe wa jirani, aliyekula pikapu hiyo hiyo na hakukohoa hata. Yule alizaliwa huko huko tambarare, kupe walimla akiwa ndama, na ndama hustahimili babesia halafu akabaki na kinga. Sifa wangu msafi alikutana nayo ukubwani.

Siku hizi kiganja kinapita mwili mzima, bomba limeshuka ukutani, na majani ya tambarare sinunui. Nimejaza majani ya guatemala kwenye kingo zote za kihamba, shamba letu la nyumbani. Sifa alikaa wiki tano ndipo akarudi lita kumi na mbili kwa siku. Shemeji naye, kila wakikaa kwenye mbege, anawahadithia watu jinsi sindano yake ya oksi ilivyomponya ng'ombe wangu.