Probiotiki wodini: anza mapema, na si kwa kila mgonjwa

Antibiotiki kama seftriaksoni, klindamaisini na amoksilini yenye klavulaniti huua pia bakteria wazuri wa utumbo, ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa kwa nimonia huanza kuhara. Probiotiki, yaani bakteria au hamira hai wa kulinda utumbo, ikianzwa ndani ya siku 2 za dozi ya kwanza ya antibiotiki hufaa zaidi. Kusubiri mpaka kuhara kuanze ni kuchelewa.

Aina ina maana kuliko jina la kopo. Lactobacillus rhamnosus GG ni bakteria, kwa hiyo ipishanishe na antibiotiki kwa saa 2 hivi, la sivyo itauawa njiani. Saccharomyces boulardii ni hamira: antibiotiki haiigusi, lakini dawa za fangasi huiua. Usichanganye yoyote na uji wa moto.

Tusidanganyane, ushahidi haukubaliani. Utafiti mkubwa wa Uingereza, PLACIDE, uliofanywa kwa wazee karibu 3,000 waliolazwa na kuchapishwa mwaka 2013, haukuona faida ya probiotiki.

Hatari kubwa iko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Kapsuli ya boulardii ikifunguliwa karibu na mgonjwa mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, unga hushika mikononi, hamira huingia kwenye damu. Huyo asipewe, wala mwenye kinga dhaifu sana.

Mgonjwa akihara mara 3 au zaidi kwa siku, hasa akiwa na homa, mpe ORS, pima choo kutafuta Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara baada ya antibiotiki, na muulize daktari kama antibiotiki bado inahitajika. Nawa kwa sabuni na maji. Spiriti haiui mbegu za bakteria huyo.