Siku ya Hofu Yangu

Nimerudi jana jioni. Nguo bado zimo begini, zinanuka moshi wa kuni na dagaa, na sijataka kuzifua. Nataka niandike kwanza, maana najijua: nikilala siku mbili tatu nitaanza kuisimulia safari hii kana kwamba ilikuwa rahisi, na haikuwa rahisi.

Nimeolewa na Mkara, huu mwaka wa 12. Kwa wasiokujua, Ukara ni kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe, ndani kabisa ya Ziwa Victoria. Mawe makubwa, mashamba madogo yaliyobanana, ng'ombe wanaletewa majani zizini. Kutoka Mwanza unapanda meli mpaka Nansio, kama saa tatu hivi, halafu gari mpaka Bugolora, halafu kivuko mpaka Bwisya. Ipo njia ya kuzunguka Bunda na kuvukia Kisorya, ambako maji ni mafupi, lakini hiyo inakufikisha Ukerewe tu. Ukara hakuna daraja. Lazima uingie majini.

Na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufika kwa mama mkwe wangu. Hata siku moja.

Nilikuwa na miaka 9 Mei 1996. Baba mdogo alikuwa akifanya biashara ya ndizi, anazifuata Kagera, anapandia meli Kemondo, asubuhi yuko Mwanza. Akifika hupitia kwetu kwanza, anaoga, anakunywa chai, ndipo anakwenda kuangalia mzigo wake. Asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 21, mama alikuwa ameshamtengea maji ya kuoga. Ndoo ya bluu, imefunikwa na sinia. Meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Bwiru, Mwanza ikiwa inaonekana kwa macho, na mamia ya watu wakafa. Baba mdogo hakupatikana. Waliopatikana wengi walizikwa kwa pamoja Igoma, na mpaka leo familia yetu huenda pale, kwa sababu hatuna kaburi lingine la kwenda.

Ndoo ile ilikaa bafuni siku nne. Kila mtu aliingia kuoga akaizunguka. Sijui ni nani aliyeimwaga mwishowe.

Basi nikakua hivyo, mtoto wa Mwanza asiyekanyaga maji. Wenzangu walikwenda kuogelea, mimi nilikaa juu ya jiwe nikilinda nguo zao. Nilipompata mume wangu na akaniambia kwao ni Ukara, nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Tukafunga ndoa Mwanza, ndugu zake wakavuka wakaja. Mtoto wa kwanza akazaliwa, mama mkwe akavuka akaja kunilea uzazi, siku 40. Wa pili, akavuka tena. Kila Krismasi alikuja yeye, na kuku wawili wamefungwa miguu na mfuko wa unga wa muhogo. Nilimpokea kwa furaha ya kweli, namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule. Lakini sikuwahi kukaa nikawaza kwamba mwanamke wa umri ule ndiye aliyekuwa akivuka ziwa kila mara ili mimi nisivuke.

Halafu ikaja Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi Ukara na mizigo yao, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Mume wangu alikaa na simu mkononi usiku kucha. Mama alikuwa salama, hakwenda gulioni siku ile, lakini majirani zake watatu walikwenda. Tangu hapo hakuna aliyenisema tena kuhusu kwenda Ukara. Hofu yangu ilikuwa imepata cheti.

Mwezi uliopita mama akapiga simu. Miguu imevimba, hawezi tena kushuka mpaka gatini. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, safari hii mimi siwezi. Njoo wewe nikuone."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani mhubiri mgeni. Akahubiri kuhusu hofu, kana kwamba alitumwa kwangu. Alisema hofu ni mlango wa shetani, kwamba ukiogopa maana yake huna imani, na asiye na imani asitegemee kupokea kitu kwa Bwana. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikaa nikiangalia viatu vyangu. Nimeokoka nikiwa kidato cha pili. Nimeomba katika misiba, nimeomba mtoto wangu akiwa na degedege, nimeomba bila hela ya kodi. Na siku ile nikajiona sina kitu, kana kwamba miaka yote hiyo ilikuwa ya bure kwa sababu tu maji yananitetemesha.

Nilimweleza mwinjilisti wetu baada ya sala ya jumuiya. Ni mzee, haongei sana. Hakunijibu papo hapo. Alifungua Biblia yake, Marko sura ya nne, akanipa nisome mwenyewe. Nikasoma dhoruba kuu ya upepo, mawimbi yakakipiga-piga chombo hata kikaanza kujaa maji. Nikafika pale Bwana amelala katika shetri, juu ya mto. Akanisimamisha hapo. "Shetri unaijua?" Nikasema hapana. "Ni huku nyuma kwenye usukani. Alilala nao chombo kimoja, mwanangu. Maji yaliyowalowesha wao yalimlowesha na yeye."

Kisha akauliza, "Hao wanafunzi walifanya nini?"

Nikasema waliogopa.

"Halafu?"

Walimwamsha. Wakamwambia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Akasema hilo ni ombi. Si zuri, lina lawama ndani yake, lakini ni ombi, na lilijibiwa. Aliwakemea, ndiyo, kwa habari ya imani yao. Lakini aliamka kwanza, akaukemea upepo, ndipo akawageukia wao. "Hakusubiri waache kuogopa."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani siku ile, daladala zikinipita. Maneno yale yalikuwa yangu. Nimekuwa nikiyasema tangu nina miaka 9, ila nilidhani ni manung'uniko, nikawa nayameza kila ninapopiga magoti ili niseme maneno mazuri.

Lipo jambo jingine ambalo sitalificha, kwa sababu nikilificha haya yote yatakuwa uongo. Ndani ya MV Bukoba watu waliomba. Ndani ya MV Nyerere watu waliomba, na naamini waliomba kwa imani kuliko yangu. Ziwa halikutulia. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo mtu akiniambia nikiwa na imani chombo hakitazama, ananiambia kwamba wale wa Igoma hawakuwa nayo, na hilo silikubali, sitalikubali hata aseme nani. Nimelihangaikia hili miaka mingi na sina jibu la kwa nini. Ninachokishika ni kwamba Bwana alikuwa chomboni. Siku ile Galilaya aliamka na upepo ukanyamaza. Siku nyingine aliwapokea watu wake upande wa pili wa maji. Baba mdogo yuko mkononi mwake. Hili naliandika nikilia, lakini naliandika nikiwa nalijua.

Mtume Paulo naye alivunjikiwa merikebu, na hapo palinisaidia sana wiki ile. Matendo ya Mitume sura ya 27 inawataja watu 276 ndani ya chombo kimoja. Wote walifika pwani salama, wengine wakiwa juu ya mbao, lakini chombo chenyewe kilivunjika. Na Paulo, mtu wa imani yule, ndiye aliyewaonya mapema wasiondoke bandarini Krete, hawakumsikia. Ndiye aliyewasihi wale chakula. Sijui kwa nini sikuwahi kufundishwa kwamba kuangalia hali ya safari na kula chakula vimo katika imani ya Paulo.

Tulikata tiketi ya Jumanne.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Asubuhi gatini nilihesabu watu. Nilijikuta tu nahesabu, kila anayeingia, mpaka nikapotea kwenye 90 na kitu, nikaanza upya. Mume wangu hakunicheka. Alikwenda akamuuliza baharia jaketi za kuokolea maisha ziko wapi, akaletewa moja, akanivalisha mwenyewe mbele za watu, akavuta kamba, akafunga. Abiria wengine hawakuvaa. Mimi nilivaa mpaka Nansio.

Meli ilipoachia gati nilihisi tumbo linabaki nchi kavu. Mikono ilitoka jasho hadi pochi ikateleza. Nilikuwa nimeandika kwenye kipande cha karatasi mstari mmoja tu, Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Nilikuwa naujua tangu Shule ya Jumapili, lakini asubuhi ile ndipo nilipoona kwamba Daudi anaiita siku ile *yangu*. Anakiri kwamba anayo. Nikawa navuta pumzi kwa nusu ya kwanza, natoa kwa nusu ya pili. Siku ya hofu yangu. Nitakutumaini Wewe. Nadhani niliusema zaidi ya mara mia tano. Hakuna amani kubwa iliyoshuka. Moyo ulienda mbio mpaka karibu nusu ya safari, na wimbi lilipopiga ubavuni nililia kwa sauti. Mama mmoja aliyekaa jirani, ana mtoto mgongoni, akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia, "Naogopa maji." Akasogea, akaniegemeza begani kwake, akaendelea kumenya chungwa lake. Akanipa nusu. Sikuuliza dini yake wala jina lake. Ninapomshukuru Mungu kwa safari ile, naanzia kwenye nusu ya chungwa.

Kutoka Bugolora kwenda Bwisya sikumbuki mengi. Nakumbuka nilifumba macho tulipokaribia gati, kwa sababu nilijua ni hapo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu juu ya gunia. Aliniona nikipanda kilima na hakusema karibu. Alisema, "Umekuja." Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaona ilivyolowa jasho, akaikausha kwa kanga yake kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Maji ya kuoga yako tayari, mwanangu."

Niliingia uani. Ndoo ilikuwa ya kijani, imefunikwa na ungo. Nilisimama hapo muda mrefu mpaka mume wangu akaja kuniita. Nikaoga. Nikayamwaga yote mwilini, mpaka tone la mwisho.

Tulikaa siku tano. Usiku tulizungumza, mimi na mama, taa ikiwa imepunguzwa. Aliniambia baada ya ajali hakushuka ziwani mwezi mzima. Maji ya kunywa yanatoka ziwani humohumo, akawa anawatuma wajukuu wa jirani. "Nilisema haya maji yamekula watu, nitayanywaje?" Nikamuuliza ilikuwaje akarudi. Akasema siku moja watoto hawakuja, kiu ikamshika. Akachukua ndoo, akasema, "Bwana, mimi naogopa, lakini tangulia." Akashuka. Kesho yake akasema vilevile. "Mpaka leo, kabla miguu haijavimba, kila nikishuka nilikuwa nasema hivyo." Miaka yote ile tangu ajali, alipokuwa akija kwetu na kuku wake, alivuka akisema hivyo. Nilidhani yeye haogopi.

Siku ya kurudi kivuko kilichelewa. Kijana mwenye mtumbwi wa injini akawa anaita watu, na watu wakapanda, wakajaa, bila jaketi hata moja. Nikakataa. Mmoja wao akaniambia kwa upole, "Mama, mtegemee Mungu." Nikamjibu kwamba ninamtegemea, na ninasubiri kivuko. Miezi miwili iliyopita ningeona aibu kusema hivyo mbele ya watu. Tulisubiri kwenye mawe, tukala mihogo ya kuchemsha. Mtumbwi ule ulifika salama, nashukuru. Nasi tulifika, jioni, taa za Mwanza zikiwa zimeshawaka.

Desemba tunarudi na watoto. Mama ameshasema kuku atachinjwa. Binti yangu mkubwa, ana miaka 9, ameniuliza asubuhi hii kama kwenye meli kuna jaketi la saizi yake. Nimemwambia tutakwenda wote gatini kuuliza kabla ya kukata tiketi.