Vipilefti, madigadi na wapagazi wa Kariakoo

Watu wakijua umerudi kutoka ng'ambo baada ya miaka mingi, wanaanza kwa kukukagua ulimi. Wanakuvizia useme "okei" mara moja tu, mjomba aangue kicheko: "Huyu keshakuwa Mzungu!" Nimerudi Dar es Salaam kutoka Massachusetts, nami nawakagua wao. Kumbe masikio yakikaa mbali na lugha, yakirudi yananasa mambo ambayo zamani yalipita tu.

Kijana wa bodaboda ananielekeza kwa simu: "Anko, ukivuka kipilefti cha pili, nipo upande wa duka la dawa." Kipilefti! Neno hili limezaliwa na kibao cha Kiingereza, "keep left", kilichomwamuru dereva ashike kushoto kwenye mzunguko. Wenyeji wakasikia "ki" mwanzoni, basi, yakiwa mengi ni vipilefti. Kitabu kilipitia njia hiyohiyo. Kwa Waarabu kitabu kikizidi kimoja ni kutub. Sisi tuliona ki- tukatoa vitabu bila kumwuliza mtu. Ninalolipenda kuliko yote ni madigadi. Jina la Kiingereza la kile kinga-tope cha gurudumu, "mudguard", linasikika likianza na "mad", mafundi wakalichukulia kuwa ni wingi, wakakata ma-, wakabaki na digadi moja. Kwa mtazamo wangu, lugha inayoweza kufanya hivyo haina haja ya kuogopa "okei" yangu. Mgeni akibisha hodi anapangiwa ngeli kabla hajakaa.

Bodaboda yenyewe imetoka mpakani, Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kati ya Kenya na Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, "border". Bajaji ni jina la kampuni ya India. Daladala ni dala, yaani shilingi tano, nauli ya enzi hizo. Mwendokasi ndilo lililonipokea kama geni kabisa. Mabasi yale yalianza 2016, mimi nimeshaondoka, na neno tumeliunga wenyewe.

Shangazi yangu, mtu wa Bagamoyo, aliposikia nilikokuwa naishi akauliza, "Na marekani umetuletea?" Vijana wakadhani mzee kachanganyikiwa. Alikuwa anadai kitambaa: ile pamba nyeupe, nzito, isiyotiwa rangi. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na meli za Salem, mji wa Massachusetts hukohuko, zikawa zinashusha majora Unguja na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Misafara ikatoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, marekani ikiwa ndiyo fedha ya njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, Bombay ikashika soko. Jina likabaki kwa shangazi.

Halafu Kariakoo. Hapa sicheki. Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na eneo lile likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Kwa matamshi yao herufi mbili za mwisho hazisikiki, ndiyo maana sisi tuna "koo". Hawa ni wanaume waliobebeshwa risasi na unga wa jeshi porini, wengi wao kwa kulazimishwa. Njaa na maradhi vikaua makumi ya maelfu. Nairobi nako kuna Kariokor, asili yake ni hiyohiyo. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa pale mjini mwaka 1927, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyechongwa ni askari na bunduki yake. Kwa hiyo siku mtu akija na hoja kwamba Kariakoo ni jina la kikoloni na tulibadilishe, nitakuwa wa kwanza kumpinga, hata kama mjomba atasema ni Uzungu wangu.